Maadamu Kimo Si Mia

Inspekta alitaka jambo moja tu kutoka kwa Mwalimu: amwambie kama mstari ule uliandikwa na mjinga au na muuaji.

Mwalimu aliivuta kompyuta karibu, akausoma, akaurudia. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, anayewafundisha kompyuta watu wazima wanaotoka kazini, katika chumba kilichokuwa ghala la viatu na ambacho mpaka leo kilinuka gundi.

"Yeyote kati yao angeweza kuuandika," alisema. "Tena kwa herufi zilezile."

Jibu hilo halikumsaidia Inspekta. Jumanne asubuhi msimamizi wa jengo moja la ghorofa tano alikutwa amelala kifudifudi katika chumba cha chini, kando ya pampu ya maji, na maji yenyewe yamefika kwenye vifundo vya miguu. Daktari alisema ni umeme. Tangi la zege lilikuwa limefurika na pampu ilikuwa bado inavuta maji kisimani kana kwamba imetumwa na mtu. Na kweli ilikuwa imetumwa. Kuiwasha na kuizima kulikuwa kazi ya kidude kidogo cha kompyuta kilichofungwa ukutani, na programu iliyokiongoza iliandikwa na mke wa marehemu, msusi wa nywele aliyekuwa akijifunza kwa Mwalimu huyuhuyu.

Mke huyo alikuwa amehama kwa mumewe, anaishi kwa dada yake. Mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi bomba na hujulikana mtaa mzima kwa jina hilo tu la Fundi, alifika kituoni matope hayajamkauka miguuni. Alisema shemeji yake ndiye aliyeua. Programu ile, alisema, iliamriwa isikome.

Tatizo la Inspekta lilikuwa kwamba Fundi alisema kweli. Koplo, msichana mwenye macho makali ambaye hakuna karatasi iliyompita mezani bila kusomwa, alikuwa ameichapa programu nzima, na hata asiyejua kitu angeuelewa mstari wenyewe.

"Hiki tunakiita kitanzi," Mwalimu alisema.

Inspekta aliinua macho.

Mwalimu alitabasamu kidogo, akaona tabasamu lake halina wa kulipokea, akalirudisha. Alieleza kwamba ni amri ya kurudia. Unaipa mashine kazi na sharti. Inafanya kazi, inalitazama sharti, na sharti likiwa bado kweli inarudia tena. Haichoki, haishuku, haijiulizi mbona nimefanya hivi mara nyingi. Sharti la Msusi lilikuwa hili: maadamu kimo cha maji si mia, endelea kupampu. Mia ilikuwa alama iliyochorwa ndani ya tangi, shubiri moja chini ya ukingo.

"Sasa ubaya uko wapi?" Inspekta aliuliza. "Maji yakifika mia, inakoma."

"Yakifika, ndiyo. Lakini hakuandika yakifika. Ameandika yakiwa mia. Mia kamili."

Akageuza kompyuta, akaandika kitanzi kidogo cha mfano. Kwanza aliiamuru ihesabu kwa kupanda moja moja. Namba zilikimbia kwenye skrini, zikafika mia, zikatulia. Kisha akabadilisha kitu kimoja tu, ipande kwa tatu. Tisini na sita, tisini na tisa, mia na mbili. Hapo Inspekta alitegemea zisimame. Hazikusimama. Zilipita mia mbili, zikapita elfu, zikawa mchirizi tu wa namba zinazotiririka kwenda juu, na Mwalimu akaziacha zitiririke hivyo makusudi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzikata.

"Imeruka juu ya mia," alisema. "Haikuiona. Na kwa kuwa haikuiona, inaamini bado haijafika. Hilo ndilo kosa, sisi tunaliita mdudu. Angeandika maadamu kimo ni chini ya mia, basi hata iruke vipi, ikishapita tu sharti linavunjika na pampu inazimika."

Koplo aliuliza kama mwanafunzi mwenye akili angeweza kuliweka kosa hilo kwa kutaka. Mwalimu alisema angeweza, na lingekuwa mahali pazuri mno pa kujificha, maana kila anayeanza hulikosea. Alipokuwa akisema hivyo alivua miwani, akaifuta. Haikuwa na vumbi.

Inspekta alimngoja aivae tena. "Wewe uliisahihisha kazi hii?"

"Niliisahihisha."

"Ukaona mdudu?"

"Nilimpa alama ya juu kuliko wote," Mwalimu alisema, bila kumtazama.

Fundi alikuwa amedokeza kule kituoni kwamba shemeji yake alikuwa na kawaida ya kubaki baada ya darasa, na Inspekta akaliuliza hilo vilevile lilivyo, bila kulipaka sukari. Mwalimu alijibu kwamba walibaki wengi, na kwamba mume alikuwa akija kumchukua mkewe. Alikaa benchi ya nyuma na kusinzia mpaka wamalize. Koplo alikwenda kuthibitisha kwa wanafunzi wengine waliokuwa barazani, akarudi akaitikia kwa kichwa: ilikuwa hivyo, na mmoja alisema jamaa alikuwa akikoroma.

Walipokuwa wakiondoka Inspekta alisimama mlangoni. Alikuwa na swali ambalo lilikuwa likimkera tangu namba ziruke.

"Programu hii imefanya kazi miezi mingi. Tangi lilijaa, pampu ikazimika, wapangaji wakaoga. Kama mdudu alikuwamo tangu mwanzo, mbona hakuuma mapema?"

"Basi kuna kitu kimebadilika," Mwalimu alisema. "Ama ndani ya programu, ama nje yake."

Kilichobadilika ndani ya programu Koplo alikuwa nacho tayari kwenye bahasha. Kidude cha ukutani hutunza tarehe ya mwisho ya kuguswa, na kiliguswa Jumatatu, mchana wa kuamkia kifo.

*

Msusi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na kanga mabegani, vidole vyake virefu vikiwa vimetulia mezani kama mtu anayengoja zamu yake. Hakukana kwamba alikigusa. Mumewe alimpigia simu, alisema, wakati akiwa na mteja kitini. Alilalamika kwamba pampu siku nyingine inazimika vizuri na siku nyingine haizimiki, inabidi ashuke mwenyewe kuikata kwa mkono. Akamwambia aje atazame programu yake. Mume alilitamka hilo neno "yako" kwa namna iliyomchoma, kwa sababu ugomvi wao wote ulianzia hapo. Mume alikuwa amejisifu kwa wapangaji kuhusu mke wake na kompyuta, na sasa wapangaji walikuwa wakimcheka.

Alikwenda. Aliisoma programu mwanzo hadi mwisho, asione kosa. Akaijaribu kwa ndoo na pampu ndogo ya kuoshea nywele aliyokuja nayo kutoka saluni. Ndoo ikajaa hadi alama, pampu ikakoma, tena na tena. Akabadilisha maneno tu ya kwenye skrini, yawe makubwa ili mumewe ayasome bila kukodoa macho. Halafu wakagombana tena ngazini.

"Majirani wanasema ulimwambia kitu," Inspekta alisema.

"Nilimwambia."

"Ulisemaje?"

Msusi alivuta pumzi. "Nilisema, acha likuzamishe."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimpima. Alikuwa ameshakaa na watu wengi katika chumba kile, na uzoefu wake ulimwambia kwamba mwongo angeanza na utetezi wa maneno yale kabla ya kuyasema. Lakini alikuwa pia amewahi kukutana na mwongo mmoja au wawili waliojua hivyo. Akamwonyesha mstari. Akamweleza namba zinavyoruka, kwa maneno ya Mwalimu, na alipofika kwenye mia na mbili aliona uso wa mwanamke yule ukibadilika taratibu, kama mtu anayesikia hatua za miguu nje ya mlango na kuzitambua.

"Kwenye ndoo hayakuruka," alisema kwa sauti ndogo. "Pampu yangu ni ndogo. Maji yalipanda polepole, kila namba ilionekana."

"Na pampu ya jengo?"

"Nayo ilikuwa hivyohivyo. Niliipima mwenyewe nilipoandika. Ilikuwa ikipanda kama mzee anayepanda ngazi. Isingeweza kuruka, Inspekta. Labda—" Akasita. "Labda si ileile."

Inspekta aliondoka pale akiwa hamwamini na akiwa amemwamini nusu, hali ambayo hakuipenda hata kidogo. Maelezo yale yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kiasi kwamba mtu mwerevu angeweza kuyatunga.

*

Chumba cha chini kilikuwa kimefyonzwa maji, ila kuta zilikuwa zimechora mstari wa matope kuonyesha yalipofika. Mtu wa shirika la umeme alikuwa akiwangoja na kisanduku chake. Inspekta hakugusa kitu kwanza. Alisimama akatazama pampu.

Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, rangi ileile ya mabomba. Lakini kwenye mabomba rangi ilikuwa imebabuka na kupasuka, na kwenye pampu ilikuwa nzima, imepita hadi juu ya kibandiko cha kiwandani na kukifunika. Sakafuni, chini yake, palikuwa na alama ya mraba mweupe ambapo pampu nyingine ilikaa miaka mingi na kuacha kivuli chake kwenye saruji. Mraba ule ulikuwa mdogo. Pampu ya sasa iliuvuka pande zote.

Koplo alichuchumaa, akakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Kibandiko kikatokea, na mtu wa umeme akakisoma akapiga mluzi. Alisema mashine kama hiyo huonekana kwenye sehemu za ujenzi, kwa kukausha mashimo ya misingi. Kwenye jengo la watu hawa ingejaza tangi kabla mtu hajamaliza kupiga mswaki.

Kisha akawaonyesha waya. Ule wa zamani ulikuwa mfupi, haukuifikia pampu mpya, kwa hiyo mtu alikuwa ameuunga. Kiungo kilikuwa kimelala sakafuni palepale, kimezungushiwa utepe mweusi, na chini ya utepe kulikuwa na nailoni nyembamba inayong'aa. Mtu wa umeme alisema hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza asingethubutu kuacha kitu kama hicho chini, mahali penye maji.

Inspekta aliomba kiungo kikatwe na kutiwa mfukoni kama ushahidi, waya mzuri ufungwe juu ukutani, na pampu iwashwe. Tangi lilikuwa limeachiwa nafasi kidogo. Wote watatu walisimama mbele ya skrini ya Msusi, yenye maneno makubwa. Pampu ilinguruma hadi wakaihisi miguuni. Themanini na nne. Themanini na saba. Tisini. Namba zilikuja kwa kuruka, mara tatu, mara mbili. Tisini na tano, tisini na nane.

Mia na moja.

Maji yaliendelea kupanda. Mtu wa umeme alinyoosha mkono kwenye swichi lakini Inspekta akamzuia hadi yalipomwagika ukingoni na kuanza kutembea sakafuni kuelekea viatu vyao. Ndipo akaruhusu ikatwe.

Wakarudia. Mara hii namba zilikuja kwa bahati nyingine, zikaangukia mia yenyewe, na pampu ikazimika kwa utulivu kama haijawahi kumkosea mtu. Inspekta alielewa sasa kwa nini marehemu alisema siku nyingine inazimika na siku nyingine haizimiki.

Juu ya chumba kile, usawa wa barabara, palikuwa na duka la mwanamke mshonaji. Dirisha lake lilitazama ngazi za chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na Inspekta alimwacha aongee mpaka maneno yasiyohitajika yalipoisha. Alisema Fundi alikuwa akishuka chini mara kwa mara wiki ile, nyakati ambazo kaka yake hayupo. Kila akishuka alikuwa na buti za mpira, na wanawake wa pale walimtania kwamba anakwenda kulima. Siku moja alipanda akiwa ameshika mkono, anausugua kuanzia kiwiko, amepauka. Alimwomba Mshonaji kipande cha mfuko wa nailoni, ule wa kufungia nguo za wateja. Alisema ni cha kufungia kamba za viatu.

"Na buti za mpira zina kamba tangu lini?" Mshonaji aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Koplo alitoa kile kiungo. Mshonaji akauvuta kwenye rafu mfuko mmoja, akauweka kando yake. Ulikuwa na michirizi ileile ya buluu.

*

Fundi aliketi kituoni akiwa ameegemea kiti kama mwenyeji. Aliuliza shemeji yake atafikishwa mahakamani lini. Inspekta alimwambia mambo yanakwenda, akaanza kwa mbali. Alimuuliza kama amewahi kusikia pampu ikikataa kuzimika. Fundi alisema hajawahi. Alimuuliza kama amewahi kuigusa. Alisema kazi yake ni mabomba, pampu ilikuwa ya kaka na mambo ya kompyuta yalikuwa ya yule mwanamke.

Inspekta alikiweka kiungo mezani. Kando yake akaweka mfuko wa Mshonaji.

Fundi alivitazama. Mgongo wake ulijitoa kwenye kiti polepole.

"Mkono umepona?" Inspekta aliuliza.

"Mkono gani, afande?"

"Ule uliopigwa shoti."

Kilichofuata kilikuja vipandevipande, na Koplo alilazimika kukipanga baadaye. Pampu ya zamani iliungua. Fundi aliachiwa aiangalie siku ambayo kisima kilikuwa kimepungua, akajisahau kwenye mchezo wa drafti, ikavuta hewa mpaka ikafa. Kaka yake alikuwa ameshamwonya kwamba akiharibu kitu tena atatafuta fundi mwingine na chumba kingine cha kulala. Basi aliibeba pampu kutoka kwenye ujenzi alikokuwa na kibarua, akaipaka rangi, akaifunga. Alidhani maji ni maji. Maji yakijaa haraka, nani atalalamika.

Tangi lilipofurika mara ya kwanza aliogopa. Kaka alipomuuliza, alijibu kwamba pampu ni nzima, ila programu ya mkewe ni mbovu.

"Akakuamini," Inspekta alisema.

"Programu ilikuwa mbovu kweli. Si mmeiona wenyewe?"

"Tumeiona. Ulipopigwa na umeme, ulimwambia?"

Fundi aliushusha mkono chini ya meza.

"Ulifunga nailoni, ukavaa buti. Yeye ulimpa buti?"

"Nilikuwa na pea moja tu, afande."

Huenda hata Fundi mwenyewe alilisikia lile jibu baada ya kuwa limeshatoka, kwa maana alifunika uso na kuanza kusema kwamba hakutaka kuua, alimpenda kaka yake, alikusudia kuubadilisha ule waya Jumatano. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamsomea haki zake na kumwomba atie saini, na Fundi akatia saini ya haraka haraka, kama mtu anayetaka kuondoka.

*

Msusi aliachiwa mchana uleule. Inspekta alijitolea kumrudisha, kwa kuwa yeye naye alikuwa na safari ya nyumbani kwa mama wa marehemu, na ndiko mwanamke huyo alikotaka kwenda. Tangu msiba uanze hakuwa ameruhusiwa kuvuka kizingiti. Mama mkwe alimwambia mbele ya watu kwamba hawezi kukaa na aliyemuua mwanawe.

Njiani Msusi aliuliza habari zote, akajibiwa zote. Alisikiliza bila kulia. Kwa muda alikuwa akitazama dirishani, kisha akageuka.

"Aliposhuka kule siku ile, alikuwa akiamini kosa ni langu?"

Inspekta alikuwa na nafasi ya kusema uongo mdogo. Koplo, aliyekuwa kwenye usukani, alimtazama kupitia kioo kama anayemsihi.

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Mdogo wake ndiye aliyemwambia."

Msusi alitikisa kichwa kukubali. "Na kosa lilikuwapo. Alama moja nimeiandika vibaya, na hata ningeulizwa leo ningesema iko sawa. Ila nusu nyingine ya habari hakupewa. Ningepewa mimi nusu hiyo, kwamba pampu imebadilishwa, ningeliona kosa langu pale pale."

Sebule ya mama ilikuwa na viti vya kuazima vilivyopangwa ukutani, vingi sasa vikiwa vitupu. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke mfupi mnene mwenye mikono ya kazi, na wanawake wawili wa ukoo waliokuwa naye walitoka Koplo alipowaomba. Alimwona mkwewe mlangoni, asimkaribishe wala kumfukuza. Inspekta alivua kofia, akakaa kiti cha karibu naye.

Alikuwa ameichagua sentensi yake tangu kituoni, fupi iwezekanavyo. Alimwambia kwamba Fundi amezuiliwa, na kwamba hatarudi leo wala kesho. Hakumwambia zaidi. Alingoja kilio, au swali, kwa sababu mama aliyepoteza mtoto mmoja na kuambiwa wa pili amekamatwa huwa na swali moja la lazima, nalo ni kwa nini.

Mama hakuliuliza. Alikunja ncha ya mkeka kwa vidole, akaikunjua.

"Mtamfunga kwa sababu ya pampu ile kubwa?" alisema.

Koplo aligeuza kichwa. Inspekta hakusogea.

"Sijataja pampu, mama," alisema kwa upole. "Wala kama ni kubwa."

Nje mtu alikuwa akiosha sufuria. Mama alisikiliza sauti hiyo muda mrefu, na Inspekta akamwachia muda huo wote, maana alijua kwamba mlango ulikuwa umeshafunguka na hakuna wa kuufunga. Hatimaye mama alisema kwamba pampu iliingia kwa mlango wa nyuma, imefungwa shuka. Ililala uvunguni mwa kitanda chake mpaka Fundi alipopata nafasi ya kuifunga. Yeye ndiye aliyemwonyesha lilipokuwa kopo la rangi ya kijani. Alijua kwamba mwanawe mkubwa hajui. Fundi alimwambia ni siri ndogo, asije kufukuzwa, na yeye alizoea tangu wakiwa wadogo kumfichia yule mdogo makosa yake.

"Na Jumanne ulipoambiwa amekufa kando ya pampu?" Inspekta aliuliza.

"Nilijua."

"Ukasema ni mkwe wako."

"Nikasema ni yeye."

Msusi alikuwa bado amesimama palepale mlangoni, kanga mabegani. Inspekta alimwona akishika mwimo wa mlango.

"Mmoja alikuwa ameshakufa, mwanangu," mama alimwambia Inspekta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Ulitaka nikupe na wa pili?"

Aliyejibu alikuwa Msusi, na alijibu kwa swali.

"Na mimi, mama?"

Mama mkwe alimtazama sasa, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hapakuwa na chuki katika macho yale, wala hapakuwa na aibu.

"Wewe sikukuzaa," alisema.

Sufuria nje ziliacha kugongana. Inspekta alisubiri kidogo, kisha akasogeza kiti chake, akamfanyia Koplo ishara afungue ukurasa mpya, na kumwomba mama aanze tena tangu siku pampu ilipoingia nyumbani, asiruke kitu.